1984 ya mtumba, buku tano tu, na hii haifutiki

Riwaya hii ya George Orwell nimeichukua kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba chini pale Posta, alianza na elfu nane tukavutana weee mpaka buku tano. Gundi ya katikati imelegea, halafu kuna mtu kapigia mistari kwa kalamu nyekundu mpaka kero, ila inasomeka.

Kama unamjua Orwell kwa Shamba la Wanyama, ile aliyoitafsiri Fortunatus Kawegere 1967, huku usitegemee kucheka. Hiki kilitoka 1949, Januari 1950 mwenyewe akafariki kwa TB.

Watu wengi wanasimulia ile skrini ya ukutani, unaitazama na yenyewe inakutazama na huna swichi ya kuizima. Sawa inatisha, lakini mi kilichonimaliza ni chokoleti. Winston, mhusika mkuu, kazi yake ni kurekebisha magazeti ya zamani ili Chama kinachotawala kisionekane kimewahi kukosea, mgao wa chokoleti unashuka kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki, yeye mwenyewe ndo kaifuta ile ahadi kwamba hautapungua, siku hazijapita yuko kantini anasikia skrini inatangaza watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama, kwa KUPANDISHA mgao mpaka gramu 20. Na jirani yake Parsons pale mezani anameza tu, wala hashtuki! Huyu Parsons baadae anachongewa na bintiye wa miaka saba, yuko selo na bado anamsifia mtoto kwamba kalelewa vizuri. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Kasoro ipo. Pale Winston anaposoma kile kitabu cha Goldstein, adui mkuu wa Chama, ni mhadhara mtupu, niliruka kurasa kadhaa na sijutii.

Mtaniuliza kwa nini nisipakue tu kwenye simu. Aisee, Julai 2009 kuna watu Marekani walishanunua hiki hiki kwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, Amazon wakagundua aliyekiweka sokoni hana haki nacho, wakakifuta kwenye vifaa vya watu kwa mbali kimya kimya. Hela walirudishiwa na bosi wa Amazon wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi, lakini yaani kati ya vitabu vyote ndo kiwe hiki?

Nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya Goldstein na kalamu nyekundu. Kuazima sitoi, jamaa bado ana nakala mbili pale chini.