Kiu baada ya operesheni ya kupunguza tumbo: barafu au dafu?
Jua la Lamu wakati wa kaskazi halina huruma, na tumbo lililopunguzwa halipokei gilasi nzima kwa mkupuo. Barafu ya maji safi, ikivunjwa vipande vidogo kama punje za mahindi, huyeyuka ulimini polepole. Koo linapoa, tumbo halishtuki. Mimi niko upande wake, hasa wiki za mwanzo.

Dafu ni tamu na lina potasiamu, ila lina sukari pia, na nani hapa hulinywa funda moja moja? Daktari akikuruhusu, limimine kwenye kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho mkono, kimoja kikuchukue robo saa.

Vyote viwili visiandamane na chakula. Ukishakula, subiri kama dakika 30. Soda iache kabisa.