Ziara ya Kula kwa Miguu Kigoma: Angalia Mwezi Kabla ya Kulipa

Ziara inaanzia mwaloni Kibirizi, mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, alfajiri, na thamani yake kubwa iko hapo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu na mitumbwi mingi haitoki. Kwa hiyo chagua siku za giza. Mwezi mpevu utakuonyesha vichanja vya kuanikia dagaa vikiwa vitupu kwa bei ileile.

Mwongozaji anaijua kazi yake. Anakuonjesha dagaa wa kichanja na dagaa wa kuanikwa chini, na tofauti ni kubwa: hawa wa chini wana mchanga usiokwisha hata uwaoshe maji matatu. Wakati wa mvua wote hukawia kukauka na huanza kunuka, basi nenda kiangazi.

Kituo cha pili ni mtaa wa Mwanga, kwa mama lishe: mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, wa mawese na ugali wa muhogo. Mawese mazuri hayakereketi koo. Yakiunguzwa mpaka wekundu upotee, ladha nayo imekwenda. Omba samaki akaangwe mbele yako, maana samaki wa kundi zima la ziara huwa wamekaangwa mapema, wamepoa na kukakamaa.

Kasoro ni Ujiji. Kutoka mjini ni kilomita kama 8, na kuwatembeza watu juani baada ya ugali si haki. Pandeni daladala. Pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 panatosha nusu saa; muda uliobaki upewe kahawa chungu na kashata, ambazo ziara inazipitia mbiombio mno. Beba maji yako.