Wish yangu ilikuwa inakunywa oili kama mgeni wa msibani, hivi ndo ilivyopona

Habari zenu wakuu. Nimetoka gereji wiki kadhaa zilizopita na niliahidi nitaandika, maana mi mwenyewe nilihangaika sana. Gari ni Toyota Wish ya 2003, injini 1ZZ, cc 1800, naishi Mbeya na safari zangu nyingi ni Tukuyu na Kyela.

Kwanza nikiri kosa langu. Mwezi wa sita Uyole asubuhi kila gari linafuka moshi kwa baridi, kwahiyo moshi wangu niliuona nikasema ni mvuke tu kama wa wenzangu. Kumbe wa wenzangu ni mweupe na gari ikipata moto unapotea, wangu ulikuwa na kabluu halafu una harufu ya kuungua. Nikaja kushtuka siku napandisha kutoka Kyela, kwenye kona taa ya oili ikawaka ikazima, kona nyingine tena. Nikapaki pembeni, nikachomoa dipstiki, kavu! Hata alama ya chini haikugusa. Na hiyo taa ndugu zangu haipimi oili imebaki kiasi gani, inapima presha, yaani ikiwaka ujue pampu imeshaanza kuvuta hewa.

Gereji ya kwanza (siitaji jina) fundi alisikiliza sekunde kumi akasema sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isivujie kwenye silinda. Sawa, 180,000 ikaondoka. Wiki mbili moshi uleule. Nikarudi akasema basi hii injini imekufa, tutafute nyingine ya mtumba 1.6M. Nikaondoka zangu kimyakimya.

Gereji ya pili iko maeneo ya Mafiati, nilielekezwa na dereva wa Hiace. Huyu mzee ndo nampa nyota zote karibia. Hakushika spana siku ile. Alijaza oili mpaka alama ya juu, akaandika kilomita kwenye karatasi, akaniambia "kijana nenda katembee, urudi ikifika 500, na ukipima upime kwenye tambarare, injini imezimwa dakika kumi". Hapo nikajiona mjinga kwasababu kwangu napaki kwenye mteremko, miezi yote nilikuwa naisoma dipstiki uongo. Matokeo, zaidi ya nusu lita kwa km 500. Akanambia Toyota kule Marekani walivyosumbuliwa na injini yao ya 2AZ kwa kula oili, kiwango cha injini kuhesabika mgonjwa kilikuwa kama lita moja kwa km 2,000, sasa yangu ilikuwa imepita huko mara mbili na zaidi.

Baada ya hapo akaanza na vitu vya bei ndogo. Akatoa valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini) akaitikisa sikioni kwangu, kimya, wakati nzima inatakiwa igonge tik tik. Mpya 25,000, oili ikapungua kuliwa kidogo ila bado. Akatoa plagi, zote nne nyeusi na zimelowa. Akapima kampreshani, yaani presha ya kila silinda, kwa psi: 165, 165, 160, 165. Mi nikashangilia nikajua ringi (zile pete za pistoni) ni nzima! Mzee akacheka. Akasema kwanza huku kwetu juu hewa ni nyepesi, geji lazima isome chini kuliko Dar, kwahiyo hizo namba ni nzuri kabisa, lakini kampreshani inashikwa na ringi mbili za juu, ile ya tatu ya chini inayofuta oili inaweza ikawa imeganda na geji isikuambie kitu. Aisee hiki kitu hakuna fundi aliyewahi kuniambia.

Wakafungua. Mzee akaniita nikaangalie pistoni, imeungua kama sufuria ya maandazi iliyosahaulika jikoni, akachukua kijiti akajaribu kuzungusha ringi ya oili haiendi, imeshikana na masizi, na vile vitundu nyuma yake vya kurudisha oili chini vimeziba kabisa. Injini za ZZ za mwanzo vitundu vyake vichache, Toyota wenyewe walikuja kubadilisha pistoni, ila na mimi nilichangia maana nilikuwa namwaga oili kila km 8,000 tena ile ya kupima kwenye kopo. Silinda bado zilikuwa na michirizi yake ya kiwandani, kwahiyo hakukuwa na haja ya kuchonga, akazibua vitundu, akafunga ringi mpya.

Gharama: ringi 110,000, seti ya gasketi 130,000, oili 5W-30 na filta 85,000, ufundi 300,000. Jumla 625,000. (Kuna jamaa walinishauri niweke tu oili nzito 20W-50 niishi nayo, niliwahi kujaribu, moshi ulipungua kiduchu ila asubuhi ya baridi starta inalia kama mbuzi.)

Mabaya yao: waliniambia siku 3 zikawa 6, kila nikipiga simu "kesho bosi". Na waliacha klipu moja ya paipu ya hewa haijakazwa, nikasikia mluzi nikiwa nimeshafika Igawilo, ikabidi nirudi. Waliikaza bure lakini muda wangu je?

Sasa hivi nimetembea km 2,400, nimemwaga oili ya kwanza kwenye km 1,000 kama mzee alivyosema, na tangu hapo dipstiki imeshuka labda upana wa kucha. Moshi hamna hata nikikanyaga kupandisha mlima. Jumamosi naenda Kyela kufuata mchele, gunia nne na abiria, nikirudi napima tena, safari hii kwa jirani kwenye tambarare.