Programu ya Biblia ya YouVersion: andika "utukufu", usiandike "kusudi"

Kama Biblia ya kutembea nayo kwenye simu, ni vigumu kuipata inayoishinda hii. Ilitolewa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani. Ni ya bure, haina matangazo ya biashara, na kwa Kiswahili imebeba Union Version (SUV) ya 1952, Habari Njema (BHN) na Neno (NEN). Kwa kusoma tu tunaipa nyota nne na nusu. Ila wengi huifungua wakiwa na swali zito, "Mungu aliniumbia nini?", na kwa kazi hiyo tunaipa mbili. Jibu limo. Tatizo ni kwamba programu inakuanzishia mahali ambapo halipo.

Chukua kisanduku cha kutafutia. Ukiandika "kusudi" unapata mchanganyiko. Pengine ni kiunganishi tu, sawa na "ili". Pengine ni kusudi la Mungu mwenyewe, kama Warumi 8:28 na Waefeso 1:11, wala si mpango wa kazi au ndoa ya msomaji. Mstari unaotaja waziwazi sababu ya mtu kuumbwa, Isaya 43:7, hauna neno hilo katika SUV. Unasema "kwa ajili ya utukufu wangu". Andika hayo maneno, halafu "utukufu wa Mungu", nawe utafika hadi 1 Wakorintho 10:31. Kwa upande wa kumheshimu Mungu kwa mali, anza na Mithali 3:9, lakini kumbuka kuwa SUV inaandika "Bwana" pale BHN inapoandika "Mwenyezi-Mungu", kwa hiyo utafutaji uleule hauzai matokeo yaleyale katika tafsiri zote mbili. Tahajia nayo ina mitego yake: SUV hutenganisha "lo lote" na "cho chote". Aliyezoea kuandika "lolote" anaweza kudhani mstari haumo.

Mstari wa siku ndio unaotutia wasiwasi zaidi, hasa ukishawekwa juu ya picha ya machweo na kusambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Yeremia 29:11 ndiyo mfano wa wazi. Ukiwa peke yake kwenye picha unasomeka kama ahadi ya kufaulu mtihani au kupata viza. Gusa uone sura nzima: ni barua kwa mateka waliopelekwa Babeli, na mstari wa 10 umekwisha kuwaambia kwamba ni miaka 70. Wengi wao hawangerudi kwao. Mstari wa 5 hadi wa 7 unawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wautakie amani mji wa waliowateka. Huko ndiko kumheshimu Mungu kulikoonekana mwaka huo: kupanda mboga ugenini.

Mistari mingine miwili hupoteza makali kwa njia hiyohiyo. Wakolosai 3:23, ule wa kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana, hubandikwa ofisini kama kauli ya wakubwa wa kazi, ilhali mstari wa 22 unaonyesha kuwa Paulo anasema na watumwa, watu wasiochagua kazi hata siku moja. Nao 1 Wakorintho 10:31 unafunga hoja iliyoanza sura ya 8 kuhusu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu: utakula au utaacha, kwa ajili ya dhamiri ya mwenzako? Anayesubiri wito mkubwa kutoka mbinguni huku akidharau sahani na zamu ya leo, sura hizo tatu zitamgusa palipo na kidonda.

Mipango ya kusoma kuhusu mada hii ni mingi, ila mingi yake inakupa ibada ndefu ya mwandishi na mistari miwili mitatu ya kusindikiza. Ni afadhali ujipangie mwenyewe: Mhubiri sura zote 12, Waefeso zote 6, Wafilipi zote 4, Wakolosai zote 4, Yeremia sura ya 29 peke yake, kisha 1 Wakorintho sura ya 8 hadi ya 10. Hizo ni siku 30 kwa sura moja kila siku. Usianze na Waefeso. Mhubiri akishakuvunjia mali, elimu na anasa, ndipo Waefeso 2:10 inapoingia, na usiisome bila 2:8–9, la sivyo matendo mema yanageuka kuwa malipo ya wokovu.

Kwa matumizi yenyewe: gusa kifupi cha tafsiri juu ya ukurasa, chagua Kiswahili, kisha pakua. Maandishi hayali bando sana, sauti ndiyo inayokula, na si kila tafsiri inaruhusiwa kupakuliwa, maana haki ni za wenye tafsiri. Pakua SUV na BHN kama zinakubali. Ukikwama, bonyeza mstari na uchague kulinganisha. Pale SUV inapokuwa nzito BHN hukufungulia, na pale BHN inapolegea SUV hukurudisha. Andika dokezo la mstari mmoja tu kwa kila sura: kitu utakachofanya kesho, na nani atafaidika. Kabla ya kuhifadhi, angalia ni nani anayeweza kuliona, kwa sababu dokezo linaweza kuwa la faragha au la kuonwa na wengine.

Zima hesabu ya siku mfululizo akilini mwako, hata kama programu inaendelea kukuhesabia. Namba hiyo inapanda kwa kufungua programu, na mtu anaweza kufikisha siku 200 hajamaliza Wafilipi. Mfululizo ukikatika siku ya 17 ya mpango wetu, fungua sura ya siku hiyo ya 17, yaani Waefeso 5, usirudi mwanzo. Wanaorudi mwanzo huwa wanaijua Mhubiri 1 kwa moyo na hawajawahi kufika Mhubiri 12.

Mwenye simu inayolia kila dakika atafute SUV ya karatasi yenye marejeo pembeni.