Kibao cha jina: nakshi safi, maana kitunguu

Nianze na kazi ya mkono, maana hapo sina ugomvi. Duka lenyewe ni chumba kimoja Mji wa Kale, Mombasa, ukitoka barabara ya Ndia Kuu unaingia kichochoro. Sitalitaja, kwani kijana aliyenihudumia angali mwanafunzi wa kazi na mamake twafahamiana. Huchonga majina kwenye mbao ya mwembe: juu kwa herufi za Kiarabu, chini kwa za Kirumi, kandokando maua kama ya milango ya zamani. Nyuma hubandikwa karatasi ya "maana na asili ya jina". Kibao kidogo shilingi 1,200, kikubwa 2,500. Nikalilia bei, nikapunguziwa 200 na soda juu.

Niliagiza kikubwa kwa arubaini ya mjukuu wangu. Siku ya saba, aliponyolewa nywele na mbuzi wa akika akachinjwa, mtoto aliitwa Saumu, jina la mama yangu mzazi. Mama alizaliwa mwezi wa Ramadhani, watu wamefunga, ndipo akaitwa hivyo. Ana zaidi ya miaka themanini na furaha ya kupata wajina ilimfanya aagize kanga mpya.

Kibao kikaja. Swad imekunjwa vizuri, mim imeteremka mkia wake, hata mjomba aliyesoma chuo cha Kurani akasifu. Kisha mtoto mmoja akakigeuza na kusoma kwa sauti, ukumbi mzima tukisikia: "Saumu: kitunguu chenye harufu kali, hutumika kwa upishi na tiba."

Mama akauliza taratibu, "Kwani huyu yuwanambia mimi ni thomu?"

Tulicheka mpaka mwenye mtoto akatukanya. Lakini kosa halikuwa dogo. Kwa Kiarabu mfungo huanza na herufi swad, kitunguu hicho na tha, na sisi Mombasa twazitenga kwa ulimi vilevile: saumu ni ya kufunga, thomu ni ya pilau. Ni kwa Kiswahili sanifu vyote viwili vyaweza kuandikwa saumu. Kwa hivyo kibao kile mbele kilikuwa kimefunga, nyuma kiko jikoni.

Kesho yake nikarudi. Kijana akaniamkia vizuri, akaona aibu, akasema, "Bi Chausiku, programu ndiyo iliyosema." Akanionyesha simu. Huandika jina, programu humpa maana, naye huchapa. Nikaketi barazani nikamwambia tuijaribu.

Zuri: "jina la Kiswahili la msichana mrembo." Nikamuuliza kama amepata kukutana na Zuri hata mmoja tangu azaliwe, Kisauni mpaka Likoni. Kwetu kuna mtoto mzuri, nyumba nzuri, jina zuri. Zuri peke yake ni neno linalotafuta mwenzake. Bakari: "mwenye ahadi tukufu." Kumbe Bakari ni Abubakar, sahaba wa Mtume na khalifa wa kwanza, na hiyo bakr ya Kiarabu ni ngamia mchanga.

Ndipo nikaelewa orodha ya programu hiyo imetoka wapi. Marekani, watu weusi walipoanza kujitafutia majina ya asili ya Afrika, Kiswahili kilipendwa sana. Kwanzaa, sikukuu yao ya mwisho wa mwaka, ilipoanzishwa 1966, misingi yake saba ilipewa majina ya Kiswahili, na leo kuna kina Imani na Nia wengi kule. Sina neno na hilo. Zuri wa Chicago ni jina lake halali, mamake amelichagua kwa moyo. Ila orodha hiyo isivuke bahari ikaja kumweleza mama yangu yeye ni nani.

Tukaendelea. Jina langu mimi, "halikupatikana". Nilizaliwa usiku, basi, ni kazi hiyo? Juma na Hamisi zilitoka sawa, Ijumaa na Alhamisi. Rajabu na Shabani sawa pia, miezi haijifichi. Mashaka ilitoka "wasiwasi", na hapo karatasi haidanganyi lakini haisemi kitu. Mashaka ya nani? Ya mimba iliyokawia, au ya baba aliyekuwa baharini? Anayejua ni aliyempa.

Kichekesho kilikuwa Charo, jina la jirani yangu. Programu ikamuuliza kijana kama alikusudia Charlotte. Jirani ni Mgiriama, amelirithi kwa babu yake kama ilivyo kwao, majina yakiruka kizazi na kurudi, na charo ni safari. Kijana mwenyewe amekulia Mtwapa! Nikamwambia, hili ungeuliza tu mtaani.

Upande wa koo, vibao vya mlangoni, walifanya vizuri zaidi, na nadhani ni kwa sababu mwenye duka huwauliza wateja wenyewe. Nilikuta Lokhandwala kimekauka rangi: mwenye biashara ya chuma, kwa Kigujarati. Motiwala, wa lulu. Majina ya kazi, kama sisi tungeitana Mwenye Viazi. Mazrui nacho kilikuwapo, na nyuma kimeandikwa kwamba walitawala Mombasa hadi 1837 Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alipowaondoa. Sawasawa. Lakini kimoja cha ukoo unaoanza na Ba kiliandikwa "Ba ni kifupi cha baba". Jamani. Hiyo Ba ni ya Wahadhrami, Waarabu wenye asili ya Hadhramaut kule Yemen, ni alama ya ukoo, na nusu ya maduka ya mji huu ungeyasoma mabango yake ungeiona.

Nyota nne kwa mchongo, moja kwa karatasi. Nendeni, lakini nendeni na maana yenu mkononi, mmemuuliza mkubwa wa nyumba. Kijana aliniachia niseme mwenyewe naye akaandika: "Saumu, mfungo. Jina la mama wa nyanyake, aliyezaliwa Ramadhani." Kuchapa upya kulikuwa bure, na gundi alipaka vizuri.

Karatasi ya kwanza mama hakukubali itupwe. Imebandikwa jikoni kwake, juu ya kinu.