Timbildingi ya Morogoro: "Huyu sio mfanyakazi, ni dereva"

Jamani mimi sio mtu wa kuandika mambo haya, nikihudumiwa vibaya sehemu nanyamaza narudi zangu nyumbani, lakini hili limenikaa kooni toka wikiendi ile na lisipotoka litanipa vidonda vya tumbo.

Ofisi yetu ilitupeleka timbildingi Morogoro, kwa kampuni moja inayoandaa michezo ya nje, kiwanja kiko chini ya Uluguru upande wa njia ya kupandia Morningside. Mandhari siwanyimi, asubuhi ukungu unashuka mlimani utadhani kuna mtu anapika huko juu. Bei na vifurushi waulizeni wenyewe, mimi nataka kuongelea sahani moja tu ya pilau.

Najua mtauliza kwa nini hatukupanda treni ya umeme, toka 2024 Dar mpaka Moro chini ya saa mbili ushafika. Ofisi ikaona koasta ipo, dereva yupo, ya nini kukata tiketi za watu thelathini na kitu. Kwa hiyo Mzee wetu ndio akatuendesha, kilomita karibu 190, foleni ya Kibaha, trafiki wa Mlandizi, sisi tumesinzia midomo wazi yeye macho barabarani. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, maana yake yeye kaamka saa tisa.

Tumefika, mwezeshaji anagawa tisheti. Huyu kaka ana kipaza sauti na hakiweki chini hata akiongea na mtu aliye mbele ya pua yake. Mzee kasogea naye achukue, akaambiwa zimehesabiwa. Sawa. Akarudi kwenye koasta akafungua mlango akakaa. Tisheti zenyewe zimeandikwa SISI NI FAMILIA.

Michezo ilikuwa mizuri, nisiwe mnafiki. Magunia, yai kwenye kijiko, ule wa kujiangusha kinyumenyume wenzako wakudake, mhasibu wetu akaugomea kabisa, eti nyie mnaonidai posho ndio mnidake? Halafu ikaja kuvuta kamba na timu yetu imepungua mtu, mmoja raba yake ilibanduka soli. Kaka akaangaza huku na huku, akaita na kipaza sauti chake, "Mzee wa koasta! Njoo ujaze hapa!"

Mzee akavua kandambili, akakaa nyuma kabisa, kamba ya katani ile inayochoma viganja akaipitisha kwapani, akatuambia taratibu, "Wanangu, msivute kwa mikono, mikono mnyooshe tu. Chimbieni visigino, laleni nyuma, mimi nikisema hee mnarudi hatua moja. Moja tu." Kumbe ujanani alikuwa kuli bandarini. Tulimvuta mkurugenzi na genge lake lote mpaka wakapiga magoti kwenye matope, mara mbili mfululizo! Sauti yangu ilikauka siku tatu. Ningeandika saa ile ningewapa nyota tano na ya sita ningechora mwenyewe.

Ikafika chakula, kila mtu na kuponi yake. Mzee kafika mbele ana sahani mkononi, mama wa jikoni kashanyanyua upawa, kaka akaibuka: "Hapana hapana, huyu sio mfanyakazi, ni dereva." Kwenye kipaza sauti. Kiwanja kizima.

Mzee akairudisha sahani kwenye rundo, taratibu, isigonge. Akasema ameshakula. Umekula saa ngapi, baba?

Nikamfuata yule kaka, nikamwambia huyu mtu ndiye aliyetuleta na kamba umemwita mwenyewe, akanijibu "Dada, orodha ni orodha." Na sufuria lile mpaka tunaondoka saa kumi halijafika hata nusu, nilienda kulichungulia makusudi.

Nyota moja, nikajiambia. Na hiyo moja ni ya mlima, ambao hawakuujenga wao.

Sasa ndani ya gari nikamuuliza dada wa HR hiyo orodha kaandika nani. Akageukia dirishani. Orodha tuliwatumia sisi. Majina thelathini na mbili, hadi la mwanafunzi wa fildi aliyekuja juzi, la Mzee halimo. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake hatua tatu kwenye foleni ile, ghafla akapata meseji ya muhimu ya kusoma. Na mimi mwenyewe, tuseme ukweli, kaka anatangaza nilikuwa na paja la kuku mdomoni, nililimaliza kwanza ndio nikaenda kulalamika. Kwa hiyo sijui hata namsema nani hapa.

Lakini hapana bwana, sahani moja ya pilau! Kwenye kamba mbona hukuangalia orodha??

Haya, mkienda nendeni, mtacheka, ila jina la dereva liandikeni kabla ya la bosi. Nyota mbili. Ya pili ni ya mama wa jikoni, aliyekuja mbio wakati tunapanda gari akampitishia Mzee dirishani kitu kimefungwa kwenye foili, hakusema neno. Mzee hakukigusa mpaka Chalinze, wenzangu wameshuka kununua korosho, akala kasimama nyuma ya koasta. Nikampelekea soda. Akaipokea, akanitazama, akaanza kucheka.

"Wale tuliwaweza, eeh?"