Gesti yangu Chungking Mansions, Oktoba 2019: nyota tatu

Nilifika Hong Kong kufuata simu, kama kawaida yetu watu wa Kariakoo. Ilikuwa Oktoba 2019, maandamano ya kupinga serikali yamepamba moto, na mke wangu anapiga simu kila baada ya saa mbili. Nikachukua chumba ghorofa ya 11, Chungking Mansions, lile jengo la gesti na maduka barabara ya Nathan. Jina la gesti nalihifadhi.

Chumba kisafi, intaneti haina shida, ila ukifungua begi mlango haufunguki. Bomba la mvua liko juu ya choo. Mateso ni lifti: kila upande wa jengo una mbili tu, moja ya ghorofa shufwa, nyingine ya witiri, na kila mtu kwenye foleni ana boksi.

Jumapili tarehe 20 nilikuwa niondoke kwenda Shenzhen, mji wa China ng'ambo ya mpaka. Maandamano yakapita mlangoni kwetu, vituo vya treni vya jirani vikafungwa. Nikashuka nikidhani maduka yamefungwa. Wapi! Wahindi, Wapakistani na Waafrika wa jengo lile wamejipanga mlangoni wanawagawia waandamanaji maji ya chupa, vijana wenye barakoa wanawapigia makofi. Siku nne kabla, kiongozi mmoja wa maandamano alikuwa amepigwa nyundo, na maneno yakazagaa kwamba waliompiga si Wachina. Jengo zima liliogopa kulipiziwa. Chupa zile zilitoka rohoni, sikatai, lakini na akili ilikuwemo.

Alasiri gari la polisi likamwaga maji ya buluu yenye dawa ya kuwasha, hadi geti la Msikiti wa Kowloon, hatua chache kutoka kwetu. Mimi nilikuwa ndani, lakini ule ukali ulinifikia, nikakohoa mpaka machozi. Wenyeji wakaenda kusugua ngazi za msikiti, na kesho yake Carrie Lam, mkuu wa serikali ya Hong Kong wakati huo, akafika kuomba radhi.

Mzee wa mapokezi alipita mlango kwa mlango akituambia tusitoke, akatuonyesha na ngazi za nyuma. Mungu ambariki. Lakini mwenye gesti, akijua fika hatuna pa kwenda, usiku ule wa ziada alinichaji karibu mara mbili. Nyota mbili zimeishia hapo.

Ukienda, omba chumba chini ya ghorofa ya tano. Utapanda kwa miguu, na siku ya vurugu utashuka kwa miguu.